Mchango wa Neno Moja

Kazi yangu ilikataliwa kabla haijasomwa.

Niliituma asubuhi, nikaenda kuoga, niliporudi jibu lilikuwa linanisubiri kwenye skrini: "Chuo chenu tena? Hapana. Msinitumie kitu."

Mtu mwenyewe simjui. Alipo sipajui. Ila chuo changu anakijua, na hataki hata kukisikia.

Subirini niwaeleze, maana hasira bado ninayo.

Chuoni kwetu kuna kijana anaitwa Balozi. Ubalozi huo alijipa mwenyewe. Alianzisha klabu ya teknolojia, akajichagua mwenyekiti, akapiga picha amekunja mikono mbele ya kompyuta iliyozimwa, akaibandika kila ukuta hadi mlango wa choo cha wasichana.

Siku moja akatukusanya ukumbini, eti anatufundisha kuchangia programu huria.

Kwa asiyejua: kuna programu ambazo msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoziendesha, uko wazi kwa kila mtu. Unausoma, ukiona kasoro unairekebisha, unampelekea mwenye mradi akague. Akikubali, kazi yako inaingia na jina lako linabaki pale. Kwa mwanafunzi ni njia nzuri mno ya kujifunza kazi.

Balozi hayo hakuyafundisha.

"Jamani, msijitese," alisema. "Fungua mradi wowote, nenda ukurasa wa maelezo. Pameandikwa 'Karibu'? Wewe andika 'Karibu sana'. Tuma. Huo tayari ni mchango!"

Watu wakapiga makofi. Watu wazima, wana vyeti vyao kabatini, wanapiga makofi.

Mmoja akathubutu kuuliza, "Na kama sijui programu yenyewe inafanya nini?"

"Ya nini ujue? Wewe unapamba wasifu wako."

Atakayetuma mingi kuliko wote angepata fulana. Na kila mmoja atumie barua pepe ya chuo, ili chuo kijulikane. Kikajulikana kweli.

Mimi nilitoka katikati ya hotuba. Nyumbani nilikuwa na shida ya kweli.

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, ni mwalimu. Ugonjwa ulimchukua macho. Mbele yetu hakulia hata siku moja. Alijifunza kutumia kompyuta kwa masikio: kuna programu huria inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, naye anaandika. Anaandika haraka kuliko mimi, na makosa yangu ananicheka.

Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba arudishwe darasani.

"Sina ubaya na wewe," mwalimu mkuu alimwambia. "Siku ya kufungua shule, njoo unisomee jedwali la alama mwenyewe, bila mtu wa kukunong'oneza. Ukiweza, darasa lako hili hapa. Ukishindwa, nimeshapata mtu."

Sasa hilo jedwali ndilo lililokuwa balaa. Programu ilisoma majina yote kwanza, juu hadi chini, ikimaliza ndipo inasoma alama zote. Nani kapata ngapi? Shauri yako, ukumbuke mwenyewe.

"Nikisoma hivi mbele yake," mama mdogo aliniambia, "atanipa pole, halafu atanisindikiza hadi mlangoni."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyeumia.

Nikaingia kwenye msimbo. Nilikosea, nikafuta, nikakosea upya, nikaona mwanga. Mwishowe programu ikasoma mstari kwa mstari: jina na alama yake, jina na alama yake. Kuiweka kwenye kompyuta ya nyumbani tu kusingetusaidia. Kompyuta za kazi ni za shule, na fundi wao haweki kitu ambacho hakijatolewa na mwenye mradi mwenyewe.

Basi nikatuma, kwa barua pepe ya chuo. Ndipo likaja lile jibu.

Nikachungulia ukurasa wa mradi nione tumekosa nini. Loo! Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani. Wenzangu walikuwa wamejazana pale kama foleni ya vitu vya bure. Huyu kaongeza "sana". Yule kaiondoa "sana" ya mwenzake, akauita mchango. Mwingine kamwaga alama za mshangao utadhani nyumba inaungua. Mwingine kaandika jina lake na "nawapenda wote". Unawapenda kina nani, wewe?

Na Balozi mwenyewe, kiongozi wa msafara, alikuwa amebadilisha "programu hii" ikawa "programu hii nzuri".

Nikamfuata kantini. Nilimkuta amevaa ile fulana. Ndiyo, alijizawadia mwenyewe.

"Mmenifungia mlango," nikamwambia. "Nina kazi ya maana, imekataliwa kwa sababu ya upuuzi wenu."

Akanitazama, macho makavu. "Dada, punguza jazba. Tuma kwingine. Miradi iko mingi."

"Mama mdogo anatumia huo."

"Basi atumie mwingine."

Akaendelea na chai yake. Nilitamani kuimimina kwenye ile fulana, ila nikakumbuka ningeonekana mimi ndiye kichaa.

Nikarudi chumbani, nikamwandikia mwenye mradi barua nyingine kwa anwani yangu binafsi. Adabu niliiweka pembeni. Nilimwambia waliomsumbua ni wapuuzi, na mtu anayemfukuza mwenzake bila kumsoma naye hana tofauti kubwa nao. Nikaambatanisha sauti niliyoirekodi, kompyuta ikimsomea mama mdogo jedwali: majina mpaka mwisho, alama mpaka mwisho, na yeye anaguna.

Jibu likaja. "Nimesikiliza. Leta."

Nikaleta. Akakataa tena! Ila safari hii alikuwa ameipitia: "Umejaribu huku unatazama. Zima skrini, halafu ujaribu."

Nilinuna. Nani huyu wa kunipa mitihani? Hata hivyo nikazima, nikavaa vipokea sauti, na papo hapo nikapotea. Jina lilisomwa, alama ilisomwa, lakini alama ya somo gani? Mstari umeisha au bado? Nilichokuwa nimekitengeneza kilimfaa mtu anayeona, asiyekihitaji.

Nikamwita mama mdogo.

"Sogea huko," akasema. "Hapa inaropoka mno. Hapa inyamaze kidogo nijue mstari umekwisha. Somo ilitaje nikihamia safu nyingine tu, mimi si mtoto."

Nikafanya alivyotaka. Nikatuma. Ikakubaliwa! Toleo jipya likatoka shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa, na fundi wa shule akaliweka bila maneno.

Siku ikafika, nikamsindikiza hadi ofisini, nikasimama pembeni. Mwalimu mkuu akafungua jedwali. Mama mdogo akasikiliza, akasoma, jina na alama, jina na alama, mpaka chini kabisa. Kisha akauliza, "Huyu wa mwisho hana alama ya hesabu. Alikuwa anaumwa, au mmemsahau?"

Mwalimu mkuu akainamia skrini, akakodoa macho.

"Tumemsahau," akasema. "Karibu kazini, Mwalimu."

Nililia palepale ofisini, na wala sikujificha.

Sasa mama mdogo akataka kumshukuru mwenye mradi kwa mdomo wake. Nikamwandikia kuomba tumpigie simu, naye akakubali. Nilitegemea sauti kali. Ikaja sauti ya mtu mzima, taratibu, mpole.

"Mwalimu," akamuuliza mama mdogo, "macho yalikuacha lini?"

"Si zamani sana. Nikiamka bado huwa nayatafuta."

"Mimi sikuzaliwa nayo. Programu hii niliitengeneza ili nami nisome."

Mimi nikaketi. Barua niliyomwandikia ilinirudia kichwani neno kwa neno.

"Kumbe yale marekebisho ya chuo chetu..." nikaanza.

"Niliyasikiliza yote," akasema. "Mwenye macho anatupa jicho, anajua limeongezwa neno moja. Mimi siwezi kupitisha kitu nisichokisikiliza. Mtu akificha jambo baya humo ndani, kompyuta za watu zitaharibika. Kwa hiyo nasikiliza ukurasa mzima, nafika mwisho, nagundua mtu kaongeza 'sana'. Nafungua linalofuata."

Mama mdogo akasema, "Mimi nilikuandikia kuhusu jedwali. Kabla mtoto hajaanza kuhangaika nalo. Hukunijibu, nikadhani tatizo ni mimi, sijui kutumia."

Nilimgeukia. Hakuwahi kuniambia.

"Uliandika lini, Mwalimu?"

Akamtajia.

Yule bwana akashusha pumzi. "Ndiyo siku zilezile. Nilipochoka nikafunga mlango, na yako ikabaki chini ya rundo lao. Sikuifikia. Nisamehe."

"Wewe huna kosa," mama mdogo akasema.

Kesho yake Balozi akanijia na tabasamu lake la bango. Kasikia kazi yangu imekubaliwa, anaomba picha yangu aibandike ukutani, juu iandikwe "Matunda ya Klabu Yetu".

Sikumtukana. Nilimweleza polepole, mwanzo mpaka mwisho: mwenye mradi asiyeona, kurasa alizozisikiliza moja moja, barua ya mama mdogo iliyozikwa na "sana" zao, na darasa ambalo mama mdogo nusura alipoteze. Nilitaka nione aibu usoni mwake, walau chembe.

Balozi akakuna kichwa, akafikiri.

"Sasa si angeziruka tu?"

Wewe mwanafunzi unayesoma hapa na unataka kuanza, nakuambia jambo moja tu. Itumie kwanza hiyo programu mpaka ikukwaze, kisha rekebisha kilichokukwaza. Kama haijakukwaza popote, na ulichonacho ni "sana" peke yake, kaa nayo nyumbani. Foleni hiyo ina watu wenye shida zao.