Skripti ya Kumficha Komeo

Dada yangu ni mpiga chapa. Barua, wasifu wa kazi, kadi za mialiko, vyote hupita mikononi mwake, na wateja humtumia kazi kupitia mtandao wa kijamii. Kwa hiyo wiki mbili baada ya kumzika mwanawe, aliporudi ofisini na kuwasha kompyuta, alikutana naye uso kwa uso. Picha mia na kitu. Kijana alikuwa kipa wa timu ya mji, jina la uwanjani Komeo, na alianguka golini mechi ikiendelea. Watu nao hawana dogo: wengine walirusha hata video ya kuanguka kwake.

"Mdogo wangu," aliniambia, "we si fundi wa hivi vitu? Niondolee. Nataka nifanye kazi."

Nikamwandikia skripti, programu ndogo ya kukaa ndani ya kivinjari, mistari arobaini tu. Chapisho lolote lenye jina la mwanawe, au la Komeo, linafichwa kabla hajaliona. Kwa ujuaji wangu, nikaongeza namba kwenye kona ya juu: leo yamefichwa mangapi. Mafundi tunapenda watu waone kuwa kitu chetu kinafanya kazi.

Siku ya kwanza yalifichwa mia mbili na kumi na mawili. Dada alipiga chapa hadi jioni bila kuinua kichwa, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Mwezi uliofuata, themanini kwa siku. Kisha tisa. Sikujua kwamba aliichungulia namba ile kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba chini.

Jumanne moja akanipigia simu. "Njoo. Kitu chako kimeharibika."

Nilikagua mstari kwa mstari. Namba ilisoma sifuri kwa sababu hakuna aliyemtaja.

"Ni kizima, dada."

"Basi wameshamaliza," akasema.

Miezi minne tu! Mwanzoni niliwachukia waliomposti, sasa nikawachukia walionyamaza.

Akavuta kibodi. Yeye asiyetazama vidole akipiga chapa, siku hiyo alitafuta herufi moja moja: *Mwanangu Komeo angekuwa na miaka ishirini na mitatu leo.* Akatuma. Chapisho likatoweka mbele ya macho yake, na kwenye kona ikatokea moja.

"Iondoe," akaniambia. "Nataka kuona nani atanijibu."

Nikaiondoa skripti, chapisho likarudi. Tukakaa tukitazama kioo cha kompyuta. Mteja mmoja akaingia na karatasi zake, akakohoa kidogo ili aonekane.

"Samahani, subiri kidogo," dada akamwambia bila kugeuka. "Leo mwanangu anatimiza ishirini na mitatu."