Zuhura, mwanga uliojisokota, na siku ile ya Buguruni

Nimesoma meseji ya mdogo wake mara nyingi tangu asubuhi na akili bado inagoma. Zuhura amefariki. Moyo.

Wengi mnamjua kama Dokta wa fizikia, mkali darasani. Mie namjua tangu miaka ya tisini, tukiwa wanafunzi, umeme wa mgao.

Projekti yetu ilikuwa mwanga wa leza. Si ule unaonyooka tu. Zuhura alitaka mwanga unaojisokota ukienda mbele, kama uzi wa parafujo. Wenzetu ng'ambo ndio kwanza walikuwa wameanza kuuelewa.

Chuoni umeme ulikuwa wa kubahatisha. Mwalimu wetu akaturuhusu tuipeleke leza nyumbani kwa mama yake Zuhura, Temeke, ambako mgao haukuwa mkali sana. Tukaifunga kwenye khanga, nikaibeba mie.

Buguruni tulishuka kubadilisha gari. Muuza redio mmoja alikuwa ameibiwa dukani. Akaona mzigo, akanikaba shati. "Mwizi huyu."

Neno hilo mnajua linavyofanya kazi.

Kofi la kwanza lilinitoa damu puani. Jiwe likanipasua juu ya jicho. Nikaanguka kifudifudi, leza chini ya kifua. Mateke yakaja mbavuni. Nilisikia mtu anauliza petroli iko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi.

Zuhura akanilalia mgongoni. "Deo, usiinuke." Nondo iliyokuwa inakuja kichwani kwangu ikatua mkononi kwake. Niliusikia mfupa.

Hakulia. Alimng'ata yule jamaa wa nondo mguu, jamaa akapiga yowe akaangusha nondo. Zuhura akaishika kwa mkono mzima, akasimama juu yangu. "Nani anaanza?"

Wakasita. Hapo ndipo mke wa muuza redio akapenya, anahema. "Mwizi nilimwona mwenyewe. Si hawa. Mnaua watoto wa watu."

Watu wakatawanyika, hakuna aliyesema pole. Mmoja akaniokotea kiatu, akaondoka.

Plasta ilipokuwa bado mkononi mwake tulirudia kazi, sebuleni kwa mama. Tulipitisha leza kwenye kipande cha filamu chenye mistari tuliyoichora na kuipiga picha. Ukutani ukatokea mduara mwekundu, katikati giza tupu.

Zuhura akanong'ona, "Umejisokota. Pale katikati mwanga unajifuta wenyewe."

Mama akautazama ukuta, akaitazama plasta. "Ndicho mlichotaka kufia hiki?"

"Sikutaka kufa, mama. Nilitaka kukiona."

Baadaye alisoma mpaka mwisho, akafundisha wanaofundisha leo. Mkono haukunyooka tena. Wanafunzi wakiuliza, alisema alianguka.

Zuhura, kila nikitaka kukushukuru ulikuwa unanikatiza: "Deo, ongea fizikia." Tumekuzika leo baada ya alasiri, na hakuna wa kunikatiza.

Asante kwa uhai wangu. Lala pema, dada yangu.