Nilipima mashimo 85 ya shangazi kule Kitura nikadhani nina sampuli ya wakulima 85

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mwenyewe, chumvi sijaongeza. Mkicheka chekeni, nimeshazoea.

Nasoma masters. Utafiti wangu ulikuwa kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia sisi Wamatengo milimani ili mvua isibebe udongo. Je, kina cha shimo kina uhusiano na mavuno ya mahindi?

Nikatakiwa kukokotoa sampuli ya correlation, yaani niwapime wakulima wangapi ili uhusiano huo uonekane. Programu inakuuliza unategemea uhusiano wa nguvu gani. Kwa uvivu wangu nikaandika 0.7, ikanipa wakulima 13. Nikasema Mungu si Athumani!

Supervisor akauliza, "Hiyo 0.7 umeiota?"

Akanieleza kwamba uhusiano mkubwa unaonekana hata kwa watu wachache, ila mdogo unajificha, unataka wengi. Akanishusha hadi 0.3, power asilimia 80. Yaani kama uhusiano huo upo kweli, tafiti nane katika kumi zitaunasa. Jibu likaja 85.

Akamalizia: mahindi yakivunwa kabla hujapima, tuonane mwakani.

Mwakani! Na nyumbani nilishawatangazia kwamba mwaka huu navaa joho.

Nikapanda kijijini Kitura kwa shangazi. Shamba lake lina mashimo mpaka unachoka kuhesabu. Akili ikanituma: nizunguke milima yote na baridi hii ya nini? Siku tatu, rula na mizani mkononi, nikapima mashimo 85 palepale, huku nakula maharage yake.

Wakati wa chakula nikamweleza kwa maringo. Shangazi akaniangalia weee.

"Mwanangu, kwetu mwanaume anafyeka na kulaza nyasi, mwanamke ndiye anachimba. Mashimo yote yale ni jembe langu, mbegu yangu, mbolea yangu. Sasa ukitaka kujua kama wanawake wa Kitura wanajua kupika, utakula kwangu siku themanini na tano?"

Binti zake walicheka mpaka machozi.

Nilikuwa na mkulima mmoja, wakuu. Mmoja! Na majirani walishaanza kuvuna. Niliogopa, siwafichi.

Nikachagua kwa kura kaya 95, maana nilijua wapo watakaovuna tu. Kwenye sala ya jumuiya shangazi akasimama: "Mliochaguliwa msivune mpaka huyu mtoto apite. Kasoma sana, ila kuhesabu watu bado."

Watu wakaangua kicheko. Ila walinisubiri, Mungu awabariki. Kila kaya nilipima mashimo matano nikachukua wastani, mlima kwa mlima, mpaka magoti yakaomba poo. Kaya nane zilivuna kabla sijafika. Zikabaki 87.

Uhusiano niliupata. Si ule wa ndotoni, lakini upo.

Siku ya kuaga shangazi akaniuliza, "Kwenye hesabu yako mimi ni wangapi?"

"Mmoja, shangazi."

"Na mashimo yangu yote yale?"

"Mmoja tu."

"Haya, sasa kavae joho."

Nilichojifunza: sampuli ikokotoe kwa uhusiano unaouamini, si unaokupunguzia safari, weka na wa akiba, halafu jiulize unahesabu nini.

Kama na wewe umewahi kupima nyumba moja ukaiita kijiji, shuka na kisa chako hapa chini. Nitamsomea shangazi, anacheka bure.