Mgeni Aliyeomba Jima

Katika miaka arobaini na minne ya maisha yake Zubery alikuwa na siri moja tu, na kwa bahati mbaya siri yenyewe ilikuwa na antena.

Kwa macho ya watu alikuwa fundi cherehani wa heshima pale Katesh, ubavuni mwa soko. Nusu ya makalio ya wanafunzi wa wilaya nzima yalikaa darasani kwa hisani ya kaptula zake. Msikitini alikuwa wa safu ya pili, nyuma ya kaka yake Abdillah, muuza vitenge ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kabla ya saa sita mchana. Lakini kila Jumapili alasiri mlango wa duka ukishafungwa, Zubery aligeuka Nahodha wa chombo cha anga. Wenzake sita walikaa juu ya marobota ya vitambaa na kubishana, kwa mfano, kama mtu anaweza kupiga chafya ndani ya kofia ya kwendea mwezini bila kujizamisha.

Walijiita Wageni. Katika filamu walizokulia, zile za kukodi zenye mtu wa kutafsiri anayepiga makelele juu ya sauti za wazungu, kila kiumbe aliyeshuka kutoka nyota nyingine aliitwa mgeni, awe na macho mawili au kumi na manne. Alikuwepo Tekla, mwalimu wa darasa la nne, aliyejua majina ya miezi ya sayari za mbali kuliko alivyojua majina ya mawifi zake. Na alikuwepo Gidahosh.

Gidahosh alikuwa mfugaji wa tambarare za Balangdalelu. Siku ya kwanza alikuja kupindiwa shuka, akakuta filamu inaendelea kwenye kompyuta: watu wamelala ndani ya majeneza ya vioo, safari ya miaka tisini. Akasimama mlangoni, fimbo begani, akaangalia robo saa nzima.

"Hawa wanafuga nini?" akauliza.

"Hawafugi," Zubery akamjibu.

"Miaka tisini bila mnyama. Wakiamka watakunywa nini?"

Miaka mitatu walikuwa wanabishana juu ya injini, na hakuna hata mmoja aliyewaza maziwa. Wakamsogezea robota akae.

Ndiye aliyewatungia lugha. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, kwa kukigeuza huku na huku kama anavyokagua ndama mnadani, na aliona kwamba ukitoa silabi ya mwisho ukaiweka mwanzo, msikilizaji anapotea. Mgeni akawa nimge, maziwa yakawa wamazi. Tekla alisema watoto wake darasani hufanya hivyo hivyo wakitaka kumsengenya. Gidahosh hakujali, lugha ikaitwa Kinyota, ikapewa na sheria: antena ikishakaa kichwani, maneno ya wanadamu ni mwiko mpaka itolewe. Wenzake waliichukulia kama mchezo. Gidahosh hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa amekaa maisha yake yote kati ya watu waliomcheka kila alipouliza swali, na sasa alikuwa amepata sita wasiomcheka. Sheria za mahali kama hapo mtu hazivunji.

Mwezi wa nane wakaamua kufanya mkutano wao wa kwanza wa mavazi, Jumamosi asubuhi, ukingoni mwa ziwa la Balangdalelu, ambako maji yakirudi nyuma hubaki chumvi nyeupe mpaka macho yanauma. Hiyo ndiyo ingekuwa sayari. Zubery akashona mavazi saba ya bitana ya rangi ya fedha, antena akazitengeneza mpya kwa spoku za baiskeli, na nyuso wakapanga kuzipaka bluu. Mifuko hakuweka. "Mtu ametoka nyota nyingine," alisema, "kitambulisho cha taifa atakuwa nacho cha nini?" Wote wakacheka.

Ijumaa akaandika tangazo kwenye simu: Wageni saba wanashuka kesho saa tatu kule kwenye chumvi. Msiongee Kiswahili. Kisha kwa vidole vilivyochoka kushona akalituma, si kwa Wageni, bali kwenye kundi la Ulinzi wa Kitongoji, lenye watu mia na nne. Alipogundua akalifuta. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu kwenye makundi ya kitongoji ujumbe wa kawaida hausomwi na mtu, lakini ujumbe uliofutwa husomwa na wote. Na kwenye njia za huko, ambako magari yaliyojaa wahamiaji haramu kutoka Ethiopia yamewahi kukamatwa zaidi ya mara moja, neno wageni lina maana yake.

Jumamosi saa tatu na nusu Zubery alikuwa bado dukani anamalizia vazi lake mwenyewe simu ilipoita.

"Kaka Zubery, wamemchukua Gidahosh," Tekla alisema akihema.

"Nani?"

"Mgambo, pikipiki tatu. Sisi tumekimbia. Yeye amesimama akawanyooshea mkono, ile salamu yetu."

"Si avue antena aongee nao?"

"Ataivua na nini? Wamemfunga mikono nyuma."

Zubery akakaa chini. Akaielewa hesabu ile mara moja, nayo ilikuwa mbaya: antena iko kichwani, mikono iko nyuma, Kiswahili mwiko.

"Twende wote, Tekla."

"Mimi ni mwalimu, kaka. Nimejifuta uso kwa mate, nusu bado ni bluu ya kufulia. Mzazi mmoja akiniona nimekwisha."

Akaenda peke yake, vazi lake ndani ya kiroba.

Ofisi ya kitongoji ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti, Mzee Yoakimu, alikaa mezani. Kando yake mgambo Herman alishika daftari, na kwenye benchi, akiwa ameitwa kama raia mwema, alikaa Abdillah. Gidahosh alikuwa sakafuni, ndani ya bitana yote ile inayong'aa, uso wa bluu, midomo imepasuka kwa chumvi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo kaka," Zubery akasema.

"Marahaba. Umekuja vizuri," Mzee Yoakimu akamwambia. "Gari linakuja kutoka Babati kumchukua huyu. Herman, soma."

Herman akasoma. "Jina, Mooshika. Amelitaja mwenyewe alipomwona mwenyekiti, na aliinama. Atokako, Jima." Akainua uso kwa fahari ya mtu aliyewahi kufaulu jiografia. "Jima ni mji wa Ethiopia. Tangu saa tatu ameutaja mara thelathini. Amekumbuka kwao."

Ndani ya chumba kile mtu mmoja tu alijua kwamba shikamoo imetolewa na haijaitikiwa, na kwamba mtu yule sakafuni alikuwa ameomba maji mara thelathini.

"Zubery, lile tangazo lilitoka kwenye simu yako," mwenyekiti akaendelea. "Ukalifuta. Ungeliacha tungedhani ni harusi."

"Watoto huchezea simu, mzee."

"Na huyu, unamfahamu?"

Abdillah akawahi. "Mdogo wangu ni fundi, mwenyekiti. Wageni anaowajua yeye ni vifungo na zipu." Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa mlango mpana sana wa kutokea.

"Simfahamu," Zubery akasema.

Gidahosh akamwangalia. Hakuonyesha hasira. Akasema neno moja.

"Kaka."

Herman akaandika: jina la baba, Kaka.

Yako maneno machache ambayo ukiyageuza yanabaki yalivyo, na Gidahosh alikuwa amelitafuta moja akalipata. Sheria hakuivunja. Na Zubery, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu mpaka chafya za mwezini, hakupata pa kuliweka neno hilo.

Akafungua kiroba. Akatoa antena yake, akaivaa, mbele ya kaka yake na madirisha yote.

"Jima jayanaku," akamwambia Gidahosh. Kisha akaivua, akamgeukia mwenyekiti. "Anaomba maji, mzee. Jima ni maji. Na Mooshika si jina, ni shikamoo. Aliwaamkia, hamkumwitikia. Anaitwa Gidahosh, kwao ni hapo Balangdalelu, na hilo vazi nimemshonea mimi."

Mzee Yoakimu, ambaye angeweza kusamehe mengi lakini si yeye mwenyewe kuacha salamu, akaegemea mbele. "Marahaba," akamwambia mtu wa bluu, polepole. Halafu akaagiza kikombe, na mikono ifunguliwe.

"Ninyi ni dini?" akauliza wakati Gidahosh akinywa.

"Hapana, mzee."

"Chama cha siasa?"

"Hapana."

"Mnapata nini sasa?"

"Hatupati kitu."

Hapo ndipo mwenyekiti alipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Alipiga simu Babati kulirudisha gari, lakini akaamuru mikutano ya namna hiyo ikome mpaka kijulikane ni kitu gani. Abdillah akainuka, akakung'uta kanzu. "Ijumaa ukae nyuma kabisa," akamwambia mdogo wake, akatoka.

Nje simu zilikuwa zimeinuliwa kama mahindi. Gidahosh akavua antena.

"Ulisema hunifahamu."

"Niliogopa."

"Nilikuona ukiogopa. Na mimi nilikuwa na kiu."

Gidahosh akairudisha antena kichwani, akaiacha njia ya nyuma ya ofisi, isiyo na watu, akashika ile ya katikati ya soko. Zubery akavaa yake akamfuata, hatua nne nyuma, kwa sababu hakualikwa karibu zaidi.

Muuza nyanya mmoja, mama aliyeshonewa sare za watoto wanne, akaacha kupanga mafungu. "Fundi," akaita, "huyo mbele ni nani wako?"

Zubery akaivua antena. "Rafiki yangu."

Gidahosh hakugeuka. Soko lilikuwa na kelele, pengine hakusikia. Zubery akalisema tena kwa sauti, mpaka wauza nafaka wa upande wa pili wakainua vichwa, na ule mgongo wa fedha ukaendelea kwenda.