Mwanasiti na Simu Isiyopokeleka

Mwanasiti alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana na kila mtu: kibanda chake cha hina na madera pale Kenyatta Market, katikati ya saluni za wasusi, mahali ambapo moshi wa nyama choma huingia mpaka kwenye nguo zilizotundikwa. Ya pili haikuwa na kibanda wala bei. Mwanasiti alikuwa mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki Kawangware, Dagoretti Corner au hata kule Kangemi, jamaa zake walimpigia simu, naye alifunga kibanda, akachukua mfuko wake wa kafuri, pamba na majani ya mkunazi yaliyosagwa, akaenda.

Kazi hiyo alifunzwa na mama mkwe wake alipokuja Nairobi kutoka Lamu akiwa mke mchanga. Mume alishafariki, mama mkwe pia, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaosha wanawake wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine. Hakupenda kuizungumzia. Wateja wengi wa hina hawakujua kwamba mikono iliyowachora maua kabla ya harusi ndiyo iliyowaosha shangazi zao.

Kwa miaka mingi alitumia simu ndogo ya tochi, ile inayoitwa mulika mwizi. Ikilia, anabonyeza kitufe cha kijani na kusema haloo. Kisha mwanawe Hafiz, anayefanya kazi Mombasa, akamletea simu kubwa ya kugusa ili wawe wakionana sura wakizungumza. Mwanasiti alimshukuru, akaizoea polepole. Alijua kutazama picha za wajukuu, na alijua kusikiliza mawaidha. Majina mengi yaliyokuwa kwenye simu ya zamani hayakuhamia kwenye hii mpya, lakini hilo halikumsumbua, kwa sababu waliomhitaji ndio waliopiga.

Halafu simu ikaanza vituko. Ilikuwa inaita vizuri kabisa, kwa sauti ya kusikika saluni tatu, lakini kioo hakionyeshi kitu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna pa kubonyeza. Mwanasiti alitelezesha kidole juu, akatelezesha chini, akagonga kioo kama anayebisha mlango. Simu iliendelea kuita mkononi mwake mpaka ikanyamaza yenyewe.

Alijaribu kila alichojua. Aliizima na kuiwasha. Alitoa laini, akaipangusa kwa ncha ya leso, akairudisha. Alivua kava. Mwisho akaamua kwamba kosa ni la vidole vyake. Maji, hina na sabuni vilikuwa vimevikausha mpaka michirizi ya ncha ikaanza kufutika. Hata siku ya kuweka alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho kipya, mashine ilimkataa mara kadhaa.

"Vidole vyangu vimekufa," alimwambia Nasimiyu, msusi wa kibanda cha pili. "Simu haivijui."

"Wacha hizo, Mama Hafiz," Nasimiyu akasema. "Mbona unaangalia picha na hivyo hivyo vidole?"

Aibu ilibaki hata hivyo. Hafiz alilalamika kwamba mama hapokei simu. Mama mmoja wa darsa, aliyekuwa amempigia bila kupokelewa, alimpita mlangoni mwa msikiti bila kumpa mkono. Kila mara Mwanasiti alieleza kwamba simu ni mbovu, na kila mara aliona usoni mwa mtu kwamba maneno hayo yanasikika kama kisingizio.

Asubuhi moja ya Jumatano, akiwa anamchora hina bibi harusi, simu ilianza kuita. Ikaita, ikanyamaza. Ikaita tena. Mwanasiti aliweka koni ya hina chini. Katika maisha yake, mtu anayepiga na kurudia namna ile alikuwa na jambo moja tu la kusema.

"Nasimiyu, njoo unisaidie. Hawa wana maiti."

Nasimiyu aliacha nywele alizokuwa akisuka, akaja na kitana bado kiko mdomoni. Naye pia alikuta kioo cheusi. Simu ilipokata, alifungua orodha ya simu zilizoingia, akaona namba ngeni imepiga mara nyingi. Wakaipigia. Ilikuwa inatumika. Wakapiga tena, ikawa inatumika. Mara ya tatu ikaita mpaka mwisho bila kupokelewa.

"Nimtumie meseji?" Nasimiyu akauliza.

"Mtumie. Muulize ni nani."

Nasimiyu aliandika haraka, kwa sababu mteja wake alikuwa ameanza kugeukageuka kwenye kiti: *Nani mwenzangu?* Akatuma, akarudi kwa mteja.

Jibu halikuja, na simu haikuita tena. Mwanasiti alimaliza mkono wa bibi harusi, akamwomba radhi kwamba mkono wa pili atamchora jioni, akachukua mfuko wake wa kuoshea, akateremka mjini kwa bodaboda.

Kule Luthuli Avenue alimpata Kitavi, fundi kijana mwenye meza nyembamba chini ya ngazi za jengo, aliyewahi kumbadilishia Nasimiyu kioo. Mwanasiti alimweleza yote, pamoja na habari ya vidole. Kitavi hakucheka. Alichukua simu yake mwenyewe, akampigia. Simu ya Mwanasiti ikaita, kioo cheusi.

"Skrini iko sawa, mathe," akasema. "Na vidole viko sawa. Ngoja kwanza."

Alijaribu jambo moja, halikusaidia. Aliangalia kama kuna programu nyingine iliyojitia kazi ya kupokea simu, hakuna. Akang'oa karatasi ya plastiki iliyofunika kioo, akidhani imeziba jicho dogo la juu linalozima na kuwasha kioo. Akapiga tena, bado giza. Alikuna kichwa, akamhudumia mteja mwingine aliyetaka chaja, kisha akarudi, akaingia kwenye mipangilio na kuanza kupitia mstari mmoja baada ya mwingine.

"Hii hapa," akasema hatimaye. "Arifa za simu zimezimwa. Yaani simu inaruhusiwa kuita, lakini hairuhusiwi kukuonyesha nani anapiga wala kukupa kitufe cha kupokea. Kuna siku ulibonyeza kitu, ikakuuliza kama uzime?"

Mwanasiti alifikiri. Akakumbuka jioni moja msikitini, baada ya Magharibi, ujumbe wa simu aliyoikosa uliganda juu ya kioo wakati mwalimu anasoma. Alitaka uondoke. Aliubonyeza kwa muda mrefu, simu ikamwuliza jambo kwa Kiingereza, naye akakubali. Ujumbe ukaondoka, akafurahi.

"Basi ni mimi," akasema.

"Wengi hufanya hivyo." Kitavi aliiwasha ile ruhusa, akaibadilisha simu nzima iwe kwa Kiswahili, kisha akampigia tena. Safari hii kioo kiliwaka, na chini yake pakaandikwa *Jibu*. Mwanasiti aligusa, akaweka simu sikioni huku akimtazama Kitavi aliyekuwa mbele yake.

"Haloo," akasema.

"Haloo, mathe. Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Mungu akubariki."

Hapo hapo, akiwa bado amesimama kando ya meza, aliipigia ile namba ngeni. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke asiyemfahamu.

"Asalaam aleikum. Hapa ni nyumbani kwa marehemu Bi Nabiha, Loresho. Nani mwenzetu?"

Mwanasiti alishika ukingo wa meza. Kitavi akamsogezea kigoda, lakini hakukaa.

Bi Nabiha alikuwa rafiki yake wa kwanza Nairobi. Walikutana wakiwa wake wachanga, wote wawili wakilia kwa baridi ya Julai, na urafiki ukakua hata baada ya mume wa Nabiha kufanikiwa kwenye biashara ya vitambaa na kuihamishia familia Loresho. Mwanasiti alimchora hina ya harusi binti yao, Sahar. Na Nabiha alipougua, Mwanasiti alikuwa akienda kumkanda miguu. Siku moja, akiwa anamkanda, mgonjwa alimwambia, "Siti, nikifa unioshe wewe. Sitaki kugeuzwageuzwa na mikono nisiyoijua." Mwanasiti aliahidi. Sahar, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha uji, alisikia.

Sahar alimsubiri Mwanasiti sebuleni. "Shangazi, tafadhali," akamwambia, "usimzoeze mama habari za kufa. Kama unakuja kuzungumza hayo, afadhali apumzike."

Mwanasiti alisema sawa, akaenda zake. Hakukasirika, au alijiambia hivyo. Lakini hakurudi tena. Alituma salamu kupitia watu, akawa anangoja aitwe. Namba ya Sahar ilibaki kwenye ile simu ya zamani.

Kwenye bodaboda, Waiyaki Way nzima, alikuwa amekumbatia mfuko wake kifuani. Aliwaza kwamba rafiki yake alikufa akijua hakuja kumwona. Hilo lilimchoma kuliko habari ya simu.

Nyumbani Loresho, wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi nje, wanawake wamejaa ndani. Sahar alimwona anaingia. Macho yake yalikuwa yamevimba, na uso wake ulikuwa mgumu.

"Umekuja," akasema. "Walishaanza. Nilimwita Mwalimu Tima."

Mwanasiti alifungua mdomo kueleza habari ya simu, akaufunga. Palikuwa na maiti ndani. Hapakuwa mahali pa kusimulia mipangilio ya simu.

"Poleni, mwanangu," akasema. "Naomba niingie."

Sahar alisogea kando.

Mwalimu Tima, anayefundisha wanawake madrasa, alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi, na baadhi ya aliyoyajua alijifunza kwa Mwanasiti. Alikuwa amemaliza maji ya mkunazi na alikuwa anatayarisha ya mwisho, ya kafuri. Alimtazama Mwanasiti akikunja mikono ya buibui. Kisha alimpa kata.

Mwanasiti alimmiminia rafiki yake maji ya mwisho. Alimpangusa. Kisha akaketi upande wa kichwani, akachana nywele za Nabiha zilizokuwa nyembamba sana sasa, akazigawa mafungu matatu, akasuka misokoto mitatu na kuilaza nyuma. Alifanya polepole. Wakati wote alizungumza naye kwa sauti ya chini, kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu walikotoka wote wawili, na Tima aligeukia ukuta akakunja sanda ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Bi Nabiha alizikwa baada ya swala ya Alasiri. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, nyumba ilianza kupungua watu. Mwanasiti alikuwa jikoni akisuuza sufuria za pilau, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, Sahar alipoingia na kufunga mlango.

"Nataka kukuuliza kitu," Sahar akasema. Alimwonyesha simu yake. "Nilikupigia asubuhi yote. Nikapigiwa na watu, nikakatiwa, nikakupigia tena. Halafu ukaniandikia hivi."

Mwanasiti hakuwa na miwani. "Nisomee."

"*Nani mwenzangu?*"

Mwanasiti aliweka sufuria chini. Sasa alielewa ule uso mgumu. Alimweleza yote: arifa alizozizima mwenyewe msikitini, Nasimiyu na kitana chake, Kitavi chini ya ngazi. Alipofika kwenye vidole vilivyokufa, Sahar alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akaegemea friji.

"Nilidhani umetususa," akasema. "Nilidhani ni kwa yale maneno niliyokwambia. Nikawa nawaza, nimemkosesha mama kitu kimoja alichoomba."

"Na mimi nilidhani hamnitaki."

"Mama alikuuliza, shangazi. Alikuwa akikuuliza. Mimi nikawa namwambia una kazi nyingi."

Maneno hayo yalimuuma Mwanasiti, na hakujifanya kwamba hayakumuuma. Kisha alikausha mikono kwa leso, akamshika Sahar kichwa, akakilaza begani mwake kama alivyofanya siku ya hina, msichana alipokuwa analia kwa kuiacha nyumba ya mama yake.

"Yamepita," akasema. "Nimemsuka nywele. Alikuwa amependeza."

"Hakuumia? Walipomgeuza?"

"Hakuumia."

Baada ya hitima, kisomo cha kumwombea mama yake, Sahar alianza kuja Kenyatta Market. Mwanzoni alileta vyakula, mara keki, mara samaki wa kupaka, akakaa kwenye kibanda akisikiliza Nasimiyu akibishana na wateja. Hakusema anataka nini. Siku moja aliuliza jinsi mtu anavyojifunza kuosha maiti, na kama ni lazima awe na moyo mgumu.

"Moyo mgumu hautakiwi," Mwanasiti akamwambia. "Mkono mwepesi tu."

Ilipoita simu kutoka Kawangware, Mwanasiti aliipokea, akasikiliza, akasema inna lillahi. Aliyefariki alikuwa mwanamke kijana. Alimtazama Sahar, naye Sahar akainuka, akachukua mfuko.

Siku hiyo Sahar aliinamisha kata mno, nusu ya maji ikaishia sakafuni. Katikati ya kazi alitoka nje, akasimama uani kando ya kamba za nguo. Mwanasiti hakumfuata wala kumwita; aliendelea peke yake, akizungumza na marehemu kwa upole. Baadaye mlango ulifunguka taratibu, Sahar akaingia, akapiga magoti mahali pake, akainua kata.