Sanamu Lenye Kitambaa cha Nélida

Nélida alitoka Lima kwenda Guayaquil kufunga mwaka na shoga yake Zoila. Kufika mlangoni, akasimama ghafla. Kitini limekaa sanamu la matambara, kichwani limefungwa kitambaa alichokisahau hapa Pasaka, nywele zilipompukutika kwa dawa za saratani.

“Zoila! Uchuro gani huu?”

“Usiniletee deko, shoga. Leo, kama desturi yetu hapa, tunauchoma mwaka wa zamani kwa sanamu. Anayeungua ni yule mgonjwa, si wewe. Na kiberiti utawasha mwenyewe.”

Majirani wakacheka huku wakilishindilia fataki tumboni. Nélida akalitazama usoni. Zoila alichora vizuri mno. Hata kovu la shavuni lilikuwepo. Akaligusa lake shavuni.

“Zoila,” akanong'ona, “na moto ukikosea je?”