Mama Nabintu Akataa Kuvaa Umasikini

"Wakaaji wote wanatangaziwa, kwa furaha kubwa na kwa mihuri mitatu, ya kwamba Serikali haijawasahau. Kila aliyepoteza matunzo ya bure, baada ya wafadhili kufunga virago vyao, atasaidiwa na Mfuko wa Taifa, mradi aithibitishie tume kwamba kweli ni masikini."

Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya, juu ya ile ya zamani iliyosema matunzo ni bure. Mama Nabintu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliisoma mara mbili. Vidonge vyake vya tansiyo, ile presha ya damu, vilikuwa vimebaki vinne. Munganga wa kituo alishamwambia: siku utakayoviacha, damu itakupanda kichwani kama ilivyompanda dada yako. Dada mwenyewe yuko makaburini.

Basi kesho yake akafanya anavyofanya kila mwanamke wa upande wa Bukavu akiitwa biro, kwenye ofisi ya Serikali. Akaoga, akajipaka mafuta, akavaa libaya, blauzi yake ya kushonesha, na vikwembe viwili vya kitenge vya misa ya Pasaka, akafunga kitambaa kichwani kikasimama kama mnara. Kwenda kwa Serikali na nguo ya sokoni ni kuitukana, na kujitukana mwenyewe.

Tume ilikaa mtaa wa Himbi. Mkuu wake, Papa Modeste, ambaye tumbo lake hufika kikaoni kabla yake, akamtazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Mama, umepotea. Harusi iko kule chini."

"Nimekuja juu ya dawa ya tansiyo, papa."

"Mutu masikini havalake hivi."

"Anavalaka namna gani?"

"Unajua mwenyewe. Urudi kesho, umevaa kawaida."

Nje, mstari mzima wa wanawake waliojipamba vilevile ulikuwa umefukuzwa kwa maneno hayohayo. Joviale, mshona nguo, akapata wazo.

"Yaya, dada yangu mkubwa, tuazime matambara. Tukishaandikwa, tunavua."

"Umasikini wangu uko ndani ya nyumba," Mama Nabintu akasema. "Nani aliupa ruhusa ya kutembea na mimi barabarani? Kesho narudi hivi hivi, na hereni naongeza."

Asubuhi tume ilipofungua mlango, ilikuta wanawake arobaini na viatu virefu. Mmoja alikuwa ndani ya gauni lake la harusi, ingawa zipu ilishakataa tangu mtoto wa tatu. Papa Modeste akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wanawake walikuwa bado arobaini. Shida yake ni kwamba orodha ilitakiwa kuondoka saa sita, na bila majina Mfuko ungerudi Kinshasa, pamoja na posho ya mkuu wa tume.

Akaandika. Wa kwanza Mama Nabintu, kwa sababu hakukuwa na njia ya kumzunguka.

Kisha, ili heshima isipotee yote, akasimama, akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"Mama Nabintu, kuanzia leo Serikali imekupokea katika mikono yake."

"Mikono niko nayo, papa. Nipe vidonge."